Mashine ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Nilipoambiwa mashine iko chumbani, sikuuliza chumba cha nani. Nilidhani ni stoo.

Tulikuwa tumetoka kwetu Kaaga asubuhi, mimi na mke wangu Eunice. Yeye alibeba mkate na sukari vya kumpelekea mama yake, mimi nikabeba kompyuta begani na bodi yangu ndani ya kopo tupu la siagi. Bodi yenyewe ni kitu kidogo kisichozidi kiganja. Ina kihisi cha kupima joto na unyevu, na swichi ya kuwasha na kuzima balbu. Joto likishuka inawasha, likipanda inazima. Kupitia waya wa USB hutuma vipimo vyake kwenye kompyuta, na programu niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Java huvipokea na kuvichora kama mstari kwenye skrini. Java nilijifunza peke yangu, huku nikitengeneza kompyuta za watu mjini Meru, kwa hiyo nina mazoea ya kujaribu kitu tena na tena kabla sijakiamini. Bodi ile ilikuwa imekaa mezani kwetu wiki nzima, na mstari wake haukuwa na kona hata moja.

Kazi yake ilikuwa ikiisubiri Karurumo, kwa mama mkwe wangu, Wambeti. Kikundi cha akina mama wa kanisa lake kilikuwa kimempa atunze mashine yao ya kutotolea vifaranga, sanduku la plaiwudi lililoundwa na fundi Misheck wa Runyenjes. Kila mama huleta mayai ya kuku wake wa kienyeji akiwa ameyaandika jina kwa penseli, na baada ya wiki tatu huja kuchukua vifaranga wake. Kifaa cha zamani cha kupimia joto kilikuwa kimekufa. Eunice ndiye aliyewaambia kwamba mume wake angeweza kutengeneza kingine.

Baada ya chai niliuliza mashine iko wapi. Eunice alinyoosha kidole kwenye mlango wenye pazia la maua.

"Chumbani kwa mama," alisema.

Nilirudisha kopo langu mezani.

Kwa mila yetu mume wa binti hunywa chai sebuleni, hula sebuleni, huomba sebuleni. Pazia lile la maua hata kulitazama kwa muda mrefu si adabu. Nilimwomba Eunice aulize kama mashine ingeweza kuhamishiwa upande huu. Alikwenda jikoni akarudi na jibu: sebuleni kuna upepo, kuna wageni, kuna watoto wa jirani wanaokuja kutazama televisheni. Chumbani kuna kufuli. Kila kitu cha maana katika nyumba ile hukaa chumbani, mbolea ya kupandia, vikombe vya kanisa, viatu vya Jumapili. Mayai ya wanawake wenzake angeyaweka wapi kwingine?

Kwa hiyo bodi iliingia chumbani bila mimi. Iliingizwa na Munyi, shemeji yangu, kaka yake Eunice, mwenye duka la mbolea na dawa za mimea Runyenjes. Mimi nilibaki sebuleni na kompyuta, nikizungumza na ukuta.

"Munyi, waya mwekundu uko wapi?"

"Uko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa mahali naangalia."

Nilimweleza kwa upole. Nikamweleza tena. Alikuwa na wateja wanaompigia simu kuhusu dawa ya viwavi, na kila simu ilipoita nilisikia kitu kikiwekwa chini bila kujua ni kipi. Waya wangu wa USB haukutosha kutoka kwenye sanduku, kupanda juu ya ukuta pale usipofika dari, na kushuka hadi kwenye kompyuta. Munyi alitembea hadi madukani, akarudi na waya mwingine, akaunganisha hiyo miwili huko huko ndani. Waya wa USB haupendi safari ndefu, nilijua hilo. Lakini vipimo vilianza kufika, joto likapanda hadi pale nilipotaka, na jioni ilikuwa inaingia.

Nilikuwa nimechukua tahadhari mbili, na zote mbili nilijivunia. Ya kwanza ilikuwa kwenye programu ya Java: mawasiliano na bodi yakikatika, programu isimsubiri mtu, iyafungue upya yenyewe, na ijaribu mpaka ifaulu. Ya pili ilikuwa ndani ya bodi. Stima ya Karurumo ikirudi baada ya kupotea kwa muda mrefu, hata betri ya kompyuta ikaisha, huja kwa kurukaruka na kuchoma balbu. Basi niliiambia bodi kwamba kila inapoanza kazi itume neno TAYARI kwenye kompyuta, kisha ingoje kwa muda kabla ya kuwasha balbu.

Kompyuta tuliiacha juu ya kabati, kando ya televisheni. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika kila kitu, tukaondoka.

Mayai ya kwanza yaliharibika karibu yote. Vifaranga wachache walitoka wakiwa dhaifu. Wengine walifia ndani ya ganda. Mayai ya Susan, mwenyekiti wa kikundi, hayakutoa hata mmoja, na Susan ni mwanamke anayesema jambo mara moja tu kwa sababu hajazoea kuombwa arudie. Alisema watajaribu tena. Yakiharibika tena, mashine itahamia kwake.

Hilo lilisemwa mbele ya wote. Lingine lilisemwa njiani: kwamba Wambeti huzima mashine usiku ili tokeni za stima zisiishe. Hakuna aliyemwambia usoni. Ila wanawake walipokuja kwake kwa maombi ya katikati ya wiki, waliacha kumaliza chai. Walikunywa nusu, wakaweka vikombe chini, wakaaga. Mama aliosha vikombe vile vyenye chai nusu nusu, kisha akampigia Eunice simu. Hakuomba mashine itengenezwe.

"Mwambie Baba Mutugi kwamba mimi sizimi," alisema. "Hata kama hataweza kuitengeneza, ajue hivyo."

Mutugi ni mwanetu. Eunice aliniletea maneno yale yakiwa jinsi yalivyosemwa, akaketi kitandani akinitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeacha chai.

Mayai ya pili yalipokuwa na siku chache ndani, nilirudi Karurumo. Niliondoa kitambaa cha kufuma, nikafungua skrini. Mstari wangu ulionyooka ulikuwa umeota meno kama msumeno. Joto lilishuka, likapanda, likashuka, na chini ya kila jino kulikuwa na lile neno langu. TAYARI. TAYARI. TAYARI. Bodi ilikuwa inaanza kazi upya kila mara, kama mtumishi anayeripoti kazini mchana kutwa na usiku kucha, na kila ikiripoti inakaa kwanza kungoja na balbu ikiwa imezimwa. Mayai yalikuwa yakipoa huku bodi ikitangaza kwamba iko tayari.

Mimi hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, hata ukifaulu hujui kilichokuponya. Nilipunguza kasi ya kutuma vipimo. Hakuna. Nikamwomba Munyi abadilishe kihisi. Alibadilisha, akakiweka kinyume, nikamweleza kupitia ukutani, akakigeuza. Hakuna. Niliandika upya sehemu ya programu inayosoma herufi zinazoingia, nikaipima, nikaipima tena. Hakuna. Nilileta kompyuta nyingine kutoka Meru. TAYARI, ikasema hiyo nyingine.

"Mukiri," Munyi aliita kutoka ndani, "kwa nini usiingie tu uangalie? Mama ako shambani."

"Wewe ungeingia kwa mama mkwe wako?"

"Basi niambie tena hiyo screw ni gani."

Nililala kwake Runyenjes siku chache, kila badiliko nikiliacha lifanye kazi usiku, kisha nikarudi Kaaga bila jibu. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo hata kufungua kompyuta ya mteja kulinikera. Eunice akiniuliza kitu nilijibu kwa neno moja. Mutugi alianza kucheza mbali na meza yangu bila kukatazwa.

Katika siku hizo mama mkwe alikuja kwetu kumwona mjukuu wake. Mashine alimwachia Munyi, aliyepita asubuhi na jioni kugeuza mayai. Mama alilala kwetu siku mbili, akakaa jikoni na Eunice, akaniamkia kwa heshima akiwa ametazama upande. Hakutaja mashine. Niliona jinsi alivyofifia. Alisinzia akiwa ameketi na sufuria ya njegere mapajani, akazinduka, akaendelea kumenya.

Nilimsindikiza nyumbani pamoja na Eunice, nikaenda moja kwa moja kwenye kabati. Safari hii sikutafuta kosa lenyewe. Nilipanga tu zile TAYARI kwa saa zake, nione zinakuja lini. Mchana zilikuwa chache sana. Zilianza baada ya habari za usiku, zikaendelea kwa mafungu mafungu, zikaisha jogoo wanapowika. Na katika zile siku ambazo mama alikuwa kwetu Kaaga, hapakuwa na hata moja. Mstari ulikuwa umenyooka kama siku ile ulipokuwa mezani kwangu.

Nililitazama jambo hilo kwa muda mrefu. Mimi si mwepesi wa kuhukumu, lakini mstari ulikuwa ukihukumu kwa niaba yangu. Mama akiwepo, usiku mashine inazima. Mama akiondoka, haizimi. Susan angeletewa skrini ile asingehitaji shahidi mwingine. Jikoni nilisikia mama akimwambia Eunice majani ya chai yako kwenye kopo lipi, kwa sauti yake ya kila siku, na nikaona haya kwamba nilikuwa nimekaa sebuleni mwake nikimhesabia makosa.

Nikaanza upya kama ninavyoanza na kompyuta ya mtu: nini hasa ninachokijua? Nilijua kwamba bodi haili stima ya ukutani. Hupata nguvu kidogo inayohitaji kutoka kwenye kompyuta, kupitia ule ule waya wa USB, na kompyuta ina betri. Mtu akizima swichi ya ukutani, balbu itazimika, ndiyo, lakini bodi haitaanza upya. Haitasema TAYARI. Hiyo ilikuwa kweli isiyoweza kugeuka. Basi mama hakuzima kitu. Kilichokuwa kikikatika ni mawasiliano, na kila yalipokatika, ile programu yangu yenye bidii iliyafungua upya. Na bodi za aina ile zina tabia moja ambayo nilikuwa nimeisoma zamani nikaipita: kompyuta ikifungua mawasiliano nazo, hujianzisha upya. Kuzifungulia ni kuziamsha.

Kwa hiyo tahadhari yangu ya kwanza ilikuwa ikiamsha bodi, na tahadhari ya pili ikiizuia kuwasha balbu. Zote mbili nilizijivunia.

Lakini kwa nini mawasiliano yakatike usiku?

Munyi alikuwa verandani akila ndizi. Nilitoka nikasimama karibu naye.

"Pale hizo waya mbili zinakutana," nilimwuliza, "uliziweka wapi?"

"Mahali poa."

"Poa wapi?"

"Chini ya godoro. Ulitaka zikanyagwe?"

"Godoro la nani?"

Munyi aliacha kutafuna. Alitazama mlango wa sebule, akanitazama mimi, akatazama ganda la ndizi mkononi mwake. "Mukiri, umeuliza nikakujibu," alisema. "Usiniulize ingine."

Nilirudi kwenye kompyuta na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nikikitazama siku zote zile. Fungu la kwanza lilikuwa mama mkwe wangu akipanda kitandani. Zilizofuata zilikuwa akigeuka. Hapo aliamka, akakaa ukingoni. Hapo akalala tena. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona bila kitambaa kichwani, na mimi nilikuwa na usiku wake wote kwenye skrini, umechorwa kwa mstari wa kijani. Na ulikuwa usiku mbaya. Aliamka mara nyingi mno kwa mtu anayelala. Alikuwa akiamka kukagua mayai kwa kuogopa yasije yakapoa, akirudi kitandani analalia kiungo cha waya, na mayai yanapoa.

Nilifunga kompyuta kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Kitambaa cha kufuma nilikirudisha mwenyewe.

Eunice nilimwambia nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, kwa sauti ndogo kuliko ile yangu ya kawaida.

"Umejuaje hayo?" aliuliza.

"Kompyuta."

"Kompyuta inamwona mama akilala?"

"Haimwoni. Inajua tu akigeuka."

"Hiyo si afadhali."

Alicheka, kisha kicheko kikamtoka usoni. Alisema jambo hilo lisifike popote. Mama akijua kwamba mkwe wake amesoma kitanda chake, hatakanyaga Kaaga tena, na Mutugi atamwona nyanya yake kwenye harusi na mazishi tu. Nilimwambia kutengeneza ni rahisi. Munyi atatoa kiungo chini ya godoro leo hii, na mimi nitarekebisha bodi na programu. Mashine itapona bila mtu kujua iliugua nini.

"Na watasema nini?" Eunice aliuliza. "Watasema alianza kuiacha ikiwaka baada ya kutishwa."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikinyamaza, kitanda cha mama kitabaki na heshima yake, na jina lake litabaki njiani kwenye midomo ya watu. Nikisema, nitalisafisha jina kwa kukianika kitanda.

Munyi alihamisha kiungo jioni ile, akakifunga kwa kamba juu ya ukuta. Siku zilizofuata mstari ulikaa umenyooka.

Wanawake walikuja Jumamosi, siku waliyopanga kumulika mayai kwa tochi waone yaliyo hai. Walijaa sebuleni. Mimi nilipewa kiti karibu na dirisha. Mama aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, upande upande, tusitazamane. Chai ilimiminwa. Vikombe vilinyanyuliwa, vikashushwa vikiwa nusu.

Susan aliniomba niseme nilichokipata. Nilieleza polepole. Nilisema kosa ni langu, kwamba niliweka tahadhari mbili ambazo kila moja peke yake ni nzuri, na pamoja zikawa ugonjwa. Waya ulikuwa mrefu mno, ukikatika programu inaamsha bodi, bodi ikiamka inachelewa kuwasha balbu. Nilisema hakuna mtu aliyezima stima. Mtu angezima stima ukutani, joto lingeshuka lakini bodi isingeandika TAYARI.

Susan alisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa, Baba Mutugi. Lakini mimi nimekuja hapa mchana nikapata joto. Nikapita alfajiri nikapata baridi. Hiyo waya ni ndefu usiku pekee? Ama hiyo bodi yako huogopa giza?"

Wachache walicheka. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimetayarisha jibu la maswali yote isipokuwa hilo, ambalo ndilo pekee lililokuwa na maana. Nilisema, "Usiku, ile waya..." nikaishia hapo. Eunice alikuwa akichunguza chini ya kikombe chake. Munyi alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia pikipiki, ilhali hakuwa amekuja na pikipiki.

Ukimya uliendelea mpaka ukaanza kufanana na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa dhidi ya mama. Ndipo mama aliposema. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Susan.

"Usiku mimi hulala, Susan. Waya ilikuwa chini ya godoro yangu. Ama ulifikiria wajane hatugeuki?"

Nilitazama viatu vyangu. Sijawahi kuviona vikiwa na mengi ya kutazamwa. Mzee wao mmoja, Nelius, akaanza kucheka kutoka tumboni, akacheka mpaka akavua miwani, na wengine wakamfuata.

"Mama, ulijua?" Eunice aliuliza.

Mama alisema alijua tangu mwanzo. Kwenye ile bodi kuna taa ndogo. Kila akikaa kitandani taa hiyo hukonyeza, na balbu ya mayai huzimika. Alijaribu kulala ukingoni. Alijaribu kulala bila kugeuka.

"Jaribu wewe," aliwaambia wote. "Ulale kama gogo mpaka asubuhi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Na wewe ungemwambia nani?"

Kila njia ya kutoka kwenye godoro lile ilikuwa inafika kwangu. Mimi nilikuwa nimejitesa kwa kihisi na kasi na programu, nikimvuta Munyi kutoka dukani kwake, na kumbe ugonjwa wote ulijulikana upande wa pili wa ukuta, na mwenye kuujua asingeweza kuniambia, kama mimi nisivyoweza kumwambia yeye. Nilitaka kukasirika na mtu. Nilitafuta sebuleni mtu wa kukasirikiwa, sikumwona.

Susan alisimama, akaomba tochi. Waliingia chumbani wote, wakateremsha pazia la dirisha, na mimi nikabaki na ukuta wangu. Niliwasikia wakiinua mayai moja moja mbele ya mwanga, wakisoma majina yaliyoandikwa kwa penseli. Hili lina mishipa. Hili limekufa, weka kando. Hili linacheza, njoo uone linavyocheza. Jina la Susan lilisomwa mara kadhaa, na sauti ya Susan mwenyewe haikusikika hata kidogo.

Walipotoka, alikaa alipokuwa amekaa. Alisema si yote yaliyo hai, lakini ni mengi, na kwamba mashine iko mahali pake. Kisha alichukua kikombe chake, ambacho chai yake ilikuwa imepoa na kufanya ngozi juu, akanywa mpaka chini. Akamnyooshea mama kikombe kitupu.

"Niongezee, Wambeti," alisema.

Mama aliinuka kwenda kuleta birika. Alipita mbele yangu akiwa ametazama upande, kama siku zote, lakini alitembea kama mtu aliyelala vizuri.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Wageni walipoondoka, mama alimwita Munyi, ambaye sasa alikuwa amerudi, akamwambia yeye na Eunice watoe kitanda chumbani wakipeleke kwenye kile chumba cha nyuma kinachowekwa mahindi. Walitoa kitanda, wakatoa sanduku la nguo, wakatoa viatu vya Jumapili. Vikombe vya kanisa vilibaki. Kisha Eunice alinijia.

"Mama amesema hicho si chumba chake tena. Ni chumba cha mashine. Amesema uingie umalize kazi yako, uache kusumbua Munyi."

Nilisogeza pazia la maua. Ndani sakafu ilikuwa na weupe wa mstatili pale kitanda kilipokaa miaka mingi, nikaupita pembeni. Bodi niliitambua kwa shida. Munyi alikuwa ameifunga kwa mpira wa tairi, akaitundika kwa msumari, waya zote zikiwa zimesokotwa pamoja kama nywele. Yote niliyomweleza kupitia ukutani alikuwa ameyafanya, kwa namna yake.

Niliweka kompyuta juu ya mfuko wa mbolea. Waya mrefu niliukunja nikauweka kando, nikatumia ule mfupi. Niliandikia bodi maagizo mapya, kwamba ikiamka iwashe balbu kwanza, na kungoja iwaachie wengine. Programu ya Java niliifundisha subira: ifungue mawasiliano mara moja, iyashike, na yakikatika ipige kelele ya kumwita mtu, isijifanye shujaa.

Ilibaki kukaza skrubu ndogo nyuma ya sanduku, mahali penye giza, na mikono yangu ilikuwa miwili. Eunice alikuwa amekwenda kisimani. Munyi alikuwa amekimbilia dukani. Nilimsikia mama nje ya pazia.

"Mama," nilisema, "tafadhali nishikie tochi kidogo."

Kivuli cha miguu yake kilikuja mpaka kwenye pazia, kikasimama.

"Siwezi kuingia hapo, Baba Mutugi," alisema kwa upole. "Hicho ni chumba chako sasa."

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba mayai ni ya kikundi chake, kwamba ni dakika moja tu. Nilimeza yote. Baada ya muda kidogo tochi ilipita chini ya pazia, ikabingirika juu ya sakafu, ikasimama kwenye kiatu changu ikiwa imewashwa.

Niliishika kwa meno, nikakaza skrubu, nikachomeka waya. Kwenye skrini likaandikwa TAYARI, mara moja, na halikurudiwa.